Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mambo ya kale na barabara: Wapagazi nao walipita hapa

Waheshimiwa mliopewa dhamana ya mambo ya kale, pamoja na wenzenu mnaosimika vibao kandokando ya barabara zetu,

YAH: VIBAO VYA NJIA YA ZAMANI YA MISAFARA, BAGAMOYO HADI UJIJI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa lori. Huu mwaka wa kumi na saba napeleka mizigo bara: saruji, bati, mafuta ya kula, soda. Kurudi napakia mpunga, asali, mara nyingine tumbaku. Sina shahada ya historia. Nilicho nacho ni muda, maana dereva wa lori husubiri kuliko anavyoendesha. Unasubiri kupakia, unasubiri kushusha, unasubiri foleni ya mzani. Wenzangu hucheza drafti. Mimi marehemu baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaniachia sanduku la vitabu na ugonjwa wa kusoma.

Barua hii imetokana na pancha.

Ilikuwa kati ya Itigi na Chaya, saa nane mchana, mwezi wa kumi, jua limesimama wima na vichaka vya pande zote mbili vimekauka mpaka vina rangi ya majivu. Tairi la tela likaachia. Utingo wangu akakata matawi akayatandaza barabarani nyuma yetu, tukaanza kuhangaika na nati. Pembeni palikuwa na mzee anauza asali, kaipanga kwenye chupa za maji juu ya gogo. Alitutazama bila kusema neno hadi tulipolitoa tairi, ndipo akauliza, sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya:

"Hapa mlipokwama mnapajua panaitwaje?"

Nikamjibu hapa ni porini tu, mzee wangu.

Akacheka. "Hapa ni Mgunda Mkali. Babu zetu walipita hapa na pembe begani. Wewe una matairi ishirini na mawili, unalia na moja."

Sikuwa na la kujibu. Jina lenyewe nilikuwa nalijua, nimelisoma mara kadhaa, na pale nimepita mara zisizo na idadi, ila vitu hivyo viwili havikuwahi kukutana kichwani mwangu. Njia nzima kuna vibao: punguza mwendo, kona kali, ng'ombe wanavuka, karibu mkoa huu, kwaheri mkoa ule. Cha Mgunda Mkali sijakiona hata siku moja.

Mgunda ni shamba. Mgunda Mkali ndilo jina ambalo watu wa misafara walilipa pori lile linaloanza ukimaliza Ugogo na kwisha ukiingia Unyamwezini. (Kwa vijana wa Dar: nasema Unyamwezini ya Tabora, siyo ile yenu ya kupandia ndege.) Lilikuwa na sifa mbaya kwa kiu, kwa njaa na kwa wanyang'anyi. Upande wa mashariki, kati ya Mpwapwa na Ugogo, lilikuwapo jingine: Marenga Mkali. Malenga kwa Kigogo ni maji, kwa hiyo jina lilikuonya kabla hujafika. Sehemu kama hizo msafara ulikuwa haulali kikawaida, uliterekeza. Watu walipika na kunywa maji mchana, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likipinda, wakatembea mpaka giza likawakatalia, wakalala bila maji, na alfajiri wakashika njia tena kukimbilia kisima cha mbele. Neno hilo la kuterekeza nimewauliza madereva wengi. Hakuna anayelijua kwa maana hiyo, ingawa sisi wenyewe tunaterekeza kila wiki.

Sasa niwaambie kuhusu mzigo, maana hapo ndipo mimi nilipokamatika.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni kilo 16 hivi, kwa hiyo begani kwake palikuwa na kilo 32. Juu ya hizo aliongeza mkeka wake, chungu chake, chakula chake, na silaha kama anayo. Namba hiyo ukiisoma umekaa kwenye kiti haikusumbui. Siku ile ya pancha tulikuwa na viroba vya unga vya kilo 25 juu ya lori. Nikamwambia utingo, kijana wa miaka ishirini na mitatu mwenye shingo kama ya fahali, abebe kimoja begani mpaka kwenye kile kibao cha kona kule mbele, kama mita mia nne. Akaondoka anaimba. Alipofika nusu alikuwa amenyamaza. Alipofika kwenye kibao alikuwa amehamisha bega mara nne. Na kile kilikuwa kiroba laini kinacholala begani, wala si pembe ya ndovu inayoteleza kwa jasho. Tena alikuwa na viatu.

Kutoka pwani hadi Tabora, wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walitumia siku mia moja na thelathini na kitu mwaka 1857. Hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita elfu moja. Katika miaka ya 1880 na 1890 watu waliokuwa wakipita njia hii na mizigo walihesabika kwa makumi ya maelfu kila mwaka, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Wakishuka walibeba pembe. Wakipanda walibeba shanga, waya wa shaba, baruti, kaniki kutoka India, na kile kitambaa cha pamba kilichotoka viwanda vya Marekani ambacho mpaka leo bibi zetu wanakiita merikani. Na mbona hawakutumia magari ya ng'ombe? Yalijaribiwa. Mwaka 1877 wamisionari wa kutoka London walipanda na magari ya ng'ombe kutoka Saadani kuelekea Mpwapwa; mbung'o wakawamaliza ng'ombe. Ikabaki mabega ya watu.

Tena msafara haukuwa kundi la watu wanaosukumwa tu. Mbele alikwenda kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na bendera, na ngozi ya mbega, mzigo wake mwepesi kuliko wa wengine. Nyuma yake wabeba pembe, hao ndio wenye cheo, kengele imefungwa kwenye ncha ya pembe ili mlio wake usikike mbali. Kisha wabeba nguo, shanga, waya. Wanawake walikuwamo, wake za wapagazi, na vyungu kichwani na watoto mgongoni, na baadhi yao wakibeba mizigo ya kulipwa. Wapagazi walipatana mshahara kabla ya kuondoka. Posho ikichelewa walitua mizigo chini wakagoma, au usiku wakatoroka, na tajiri akaamka asubuhi na marobota yasiyo na bega la kuyabeba.

Posho, waheshimiwa. Neno hilo mnalijua. Lilikuwa chakula cha mpagazi njiani, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho. Nalo hongo lilikuwa ushuru halali, uliotozwa hadharani na watemi wa Ugogo kwa kila msafara unaopita na kunywa kwenye visima vyao. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa wakilalamikia hongo ya Ugogo, kana kwamba visima vilijichimba. Jinsi neno hilo lilivyosafiri kutoka kule hadi maana yake ya leo barabarani, sitaeleza. Nina leseni ya kuilinda.

Sasa, vibao.

Siwezi kusema hakuna kilichofanyika. Ujiji kuna makumbusho na mnara wa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe alimokaa Livingstone. Bagamoyo kuna mnara wa kanisa ambako mwili wake ulilala usiku mmoja wa Februari 1874. Nimefika kote huko kwa nauli yangu na sijutii. Lakini hebu tuutazame huo mwili tu. Livingstone alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Waliomleta hadi pwani, kwa miezi mingi, wakipitia Tabora, walikuwa watumishi wake Chuma, Susi na wenzao, wanaume kwa wanawake. Mnara ukaitwa wa Livingstone, wakati safari ile yeye alikuwa mzigo.

Au mchukueni Sidi Mubarak Bombay. Alikamatwa utotoni Uyaoni, akauzwa, akapelekwa India, akapata uhuru wake, akarudi. Alitembea na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant, akatembea na Stanley, kisha akavuka bara zima na Cameron hadi Atlantiki. Hao watano kila mmoja aliandika kitabu. Bombay alipata medali ya fedha kutoka London, na akafariki mwaka 1885. Mtu aliyeijua njia hii kuliko wote watano kwa pamoja, mimi bado natafuta kibao chenye jina lake kuanzia Bagamoyo hadi Kigoma.

Nafahamu kwamba mwaka 2006 nchi yetu iliiingiza njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO, vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Iliandikwa kama njia ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Sina ugomvi na neno watumwa. Walipita, wamefungwa minyororo na makongwa, na wengi hawakufika. Mtu atakayelifuta neno hilo atakuwa ametenda dhambi. Hoja yangu ni nyingine. Jina lile linataja bidhaa mbili zilizouzwa, halimtaji mbebaji. Msafiri anayesoma anaondoka akiamini kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa. Wengi walikuwa watu huru wenye mkataba, wakiondoka kijijini baada ya mavuno na kurudi kulima mvua zikianza, na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaiona pwani alichekwa na wasichana. Kuwaita wote watumwa ni kuwanyang'anya mshahara wao mara ya pili.

Jina la Bagamoyo lenyewe linabishaniwa hapo hapo. Kwa aliyefika na mnyororo, ni pa kuuacha moyo wake, kwa sababu mbele ni jahazi. Kwa mpagazi aliyetoka Tabora, ni bwaga moyo: shusha, pumua, umefika. Wazee wa pale watakupa zote mbili, inategemea umekaa baraza gani. Mimi nilikuwa upande wa kwanza mpaka niliposoma kuhusu Tura. Tura iko mkoa wa Tabora, ukishavuka Chaya, treni inapita pale. Burton alipopita mwaka 1857 aliandika maana ya jina hilo: tua. Tua mzigo wako. Ndipo Mgunda Mkali ulipokwisha na Unyamwezi ukaanza. Yaani ncha moja ya safari inaitwa Bwaga, na mlangoni mwa nyumbani panaitwa Tua. Majina hayo hayakutungwa na tajiri wala na mgeni. Ni ya mtu mwenye kitu begani.

Nina binamu anayeendesha lori Kansas, Marekani, ile Unyamwezini ya pili. Hunitumia picha za barabarani, mimi namtumia za kwetu. Mwaka jana akanitumia jiwe. Jiwe la granite, limesimama kando ya barabara kwenye tambarare isiyo na hata kichuguu, limeandikwa Santa Fe Trail 1822–1872, pamoja na jina la chama cha wanawake waliolisimika na la jimbo, mwaka 1906. Hiyo ilikuwa njia ya magari ya ng'ombe na nyumbu kutoka Missouri hadi Santa Fe, kilomita kama 1,400, na shehena yake kubwa ilikuwa vitambaa. Wakati merikani inapanda Tabora kwa mabega, vitambaa vya nchi hiyo hiyo vilikuwa vinakwenda Santa Fe kwa magurudumu. Njia yao iliuawa na reli iliyofika Santa Fe mwaka 1880. Yetu iliuawa na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Mawe kama lile yako mengi, jimbo lilitoa fedha, na watoto wa shule wakachanga senti. Hilo nimelipenda. Ambacho sikukipenda ni kwamba jiwe halisemi neno juu ya Wakaw, Wakiowa, Wakomanche na Wacheyenne, ambao njia ile ilikatiza ardhi yao, wala juu ya waswaga nyumbu wa Mexico. Binamu anasema vibao vipya vimeanza kuwataja. Imechukua miaka mia. Sisi tunaanza upya, hatuna sababu ya kuanza na kosa lao.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla ya makumbusho, kabla ya kituo cha taarifa chenye mgahawa, turudishieni majina. Marenga Mkali pawe na kibao unapoingia na unapotoka. Mgunda Mkali vivyo hivyo. Tura. Hata kikiwa na jina tupu na mwaka mmoja, dereva atauliza, na akiuliza atakutana na mtu kama mzee wangu wa asali.

Kisha viwekwe mahali ambapo gari linaweza kusimama. Kuna mahali, sitapataja, niliona kibao cha historia kikiwa kwenye kona, ukuta wa mlima upande huu na bonde upande ule. Ili ukisome lazima uue mtu. Nilipokuja kukifikia kwa miguu, rangi ilikuwa imebanduka na juu yake kimegongelewa tangazo la mganga anayerudisha wapenzi. Sisi tuna sehemu zetu za kusimama zinazojulikana, tunapopozea injini, tunaponunua mahindi ya kuchoma. Tuulizeni, tutawaonyesha. Wapagazi nao walikuwa na kambi zao, na nyingi zilikuwa penye maji na kivuli, kama zetu.

Msitumie bati wala chuma. Chuma kandokando ya barabara hakimalizi mwaka, kinaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Tumieni mawe, Ugogo na Manyoni mawe si tatizo. Maandishi yaanze na Kiswahili, makubwa, na neno la lugha ya mahali liwepo: Kigogo, Kikimbu, Kinyamwezi. Kiingereza kifuate chini kwa wageni, wasilalamike. Na kabla ya kuandika, nendeni mkawaulize watu wa hapo. Kikao cha siku moja kijijini, chini ya mti, bila projekta. Nafikiri posho za warsha moja ya hotelini zinatosha mawe mawili, lakini hilo mnalijua vizuri zaidi yangu.

Mkikosa maneno, la Tura nimeshaliandika, mlichukue bure:

"TURA. Kwa Kinyamwezi: tua. Hapa wapagazi waliotoka pwani walitua mizigo baada ya kuuvuka Mgunda Mkali. Kila mmoja alibeba kilo 32 au zaidi, za nguo, shanga au waya. Wakirudi pwani walibeba pembe. Wengine walikuja na wake zao na watoto. Wengine walipita wamefungwa. Waliofia njiani hawakuhesabiwa."

Mtaniambia ni maneno mengi kwa kibao. Hayazidi ya lile tangazo la mganga.

Mtu anaweza kusema tayari tunawakumbuka wabeba mizigo. Ni kweli, pale Dar. Soko la Kariakoo limepata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha vita ya kwanza, na asilimia kubwa ya tunaoshusha mzigo pale hatujui. Na katikati ya jiji iko sanamu ya Askari, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Wametajwa chini, kwenye maandishi. Juu, aliyechongwa ni mwenye bunduki.

Alhamisi napakia saruji kwenda Tabora. Ofisa yeyote atakayetaka kuiona njia kwa macho, kiti cha katikati kipo wazi, aje na kofia na maji ya kutosha. Asiyeweza kuja nami apite kwa gari lake: ukitoka Itigi kuelekea Chaya, tazama mkono wa kushoto mpaka uone gogo lenye chupa za maji zilizojaa kitu cheusi. Mzee yupo kila siku isipokuwa Ijumaa. Mwambieni mmetumwa na yule wa pancha. Anajua kambi ilikuwa wapi, anajua kisima kilikuwa wapi, na umri wake umeshakwenda. Asali ni shilingi elfu kumi kwa chupa, na hapunguzi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Dereva wa lori, njia ya kati